Damu Chooni: Usijiambie Ni Bawasiri Kabla ya Kupimwa

Na DAKTARI WETU

KUNA jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulizungumza, hata mbele ya daktari, nalo ni habari za choo kikubwa. Mgonjwa ataeleza kwa kirefu juu ya kichwa, mgongo na kukosa usingizi, na ni pale tu anapoinuka kwenda zake ndipo husema kwa sauti ya chini kwamba ameona damu kidogo akienda haja. Kisha huongeza haraka: "Lakini nadhani ni bawasiri tu."

Huenda ni bawasiri kweli. Watu wengi wanaotokwa na damu kidogo nyekundu wakienda haja huwa na bawasiri au mpasuko mdogo kwenye njia ya haja kubwa. Lakini, msomaji, neno "nadhani" halijatibu ugonjwa wowote. Miongoni mwa watu hao wamo wenye saratani ya utumbo mpana, na hakuna awezaye kuzitofautisha damu hizi mbili kwa kutazama tu, awe mgonjwa mwenyewe, mwenye duka la dawa au daktari.

Leo tutaeleza jinsi saratani hii inavyotambuliwa, na hasa tutazungumzia jambo moja ambalo wagonjwa wengi hawaulizi: hatua ambayo ugonjwa umefikia. Hatua hiyo ndiyo huamua mgonjwa atatibiwaje na ana matumaini kiasi gani. Nayo haijulikani kwa kupima uchungu anaousikia mgonjwa, kwani katika hatua za mwanzo, ambapo tiba hufaulu zaidi, mara nyingi hakuna uchungu wowote.

Si ugonjwa wa Wazungu

Kwa miaka mingi wanafunzi wa udaktari walifundishwa kwamba saratani ya utumbo mpana ni nadra kwa Mwafrika. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1971 kwamba ugonjwa huu ulikuwa mwingi katika nchi tajiri na mchache mno katika Afrika ya mashambani. Yeye aliihusisha tofauti hiyo na chakula. Watu waliokula nafaka zisizokobolewa, maharagwe na mboga kwa wingi walipata choo kingi na laini, ilhali waliozoea unga mweupe na vyakula vya viwandani walipata choo kidogo na kigumu kilichokaa tumboni kwa muda mrefu.

Tangu wakati huo mengi yamebadilika. Mkazi wa mjini leo huketi kazini kutwa, hupanda matatu hata kwa safari fupi, na mlo wake wa mchana mara nyingi ni chipsi na soseji. Mwaka 2022 pekee, takriban watu milioni 1.9 duniani walipatikana na saratani hii, na zaidi ya 900,000 wakafariki kutokana nayo. Hapa Kenya imo katika orodha ya saratani zinazopatikana kwa wingi.

Hata hivyo, ile imani ya zamani bado imo vichwani mwetu. Kijana wa miaka 38 akiharisha damu, hupewa dawa ya amiba. Isiposaidia, hupewa ya taifodi, kisha hurudishiwa ile ya amiba. Ni kweli kwamba amiba na kichocho huweza kuleta damu katika choo, na ni haki kuvipima. Lakini mtu akitibiwa kwa dawa inayofaa na damu isikome, dawa zaidi za kubahatisha hazitamfaa. Anahitaji kuchunguzwa ndani ya utumbo. Aidha, umri mdogo si kinga. Madaktari katika nchi za Afrika wameona kwamba wagonjwa wao wengi huwa na umri mdogo kuliko wale wa Ulaya.

Huanza kama kinyama kidogo

Saratani hii kwa kawaida haizuki ghafla. Nyingi huanza kama kinyama kidogo kinachoota kwenye utando wa ndani wa utumbo. Vingi kati ya vinyama hivyo havigeuki kuwa saratani kamwe, lakini vichache hugeuka, na mageuzi hayo mara nyingi huchukua miaka kumi au zaidi. Mwaka 1988, Bert Vogelstein na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walieleza jinsi kasoro za chembe za urithi zinavyojilimbikiza moja baada ya nyingine, hadi kinyama kisicho na madhara kinapokuwa saratani kamili.

Ugunduzi huo una maana kubwa kwako, msomaji. Kuna kipindi cha miaka kadhaa ambapo ugonjwa unaweza kukatwa kabla haujawa ugonjwa. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya kuwafuatilia watu 1,418 waliokatwa vinyama vya aina hiyo. Kati ya watu hao, waliopatwa na saratani ya utumbo mpana baadaye walikuwa wachache sana kuliko ilivyotarajiwa, kwa zaidi ya robo tatu.

Ugonjwa unavyotafutwa

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji mashine yoyote. Daktari huvaa glavu, hupaka mafuta kidoleni na kupima ndani ya njia ya haja kubwa. Shughuli hiyo haifiki hata dakika mbili. Uvimbe ulio karibu na mwisho wa utumbo mara nyingi huguswa kwa njia hii. Wengi hukataa kwa sababu ya haya, na baadhi ya madaktari huona haya kuuliza. Lakini daktari aliyekuandikia dawa ya bawasiri bila ya kukupima huko amekisia tu. Una haki ya kumwomba akupime, na una haki ya kuomba mtu wa jinsia yako awepo chumbani.

Kipimo cha pili ni cha kutafuta damu iliyojificha katika choo, damu ambayo macho hayawezi kuiona. Hiki ni kipimo cha watu wasio na dalili. Huko Minnesota, Marekani, utafiti uliohusisha watu 46,551 wa kati ya miaka 50 na 80, na ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1993, ulionyesha kwamba vifo vya saratani hii vilipungua kwa thuluthi moja miongoni mwa waliopimwa choo kila mwaka. Vipimo vinavyotumika siku hizi ni bora kuliko vile vya wakati huo kwa kuwa hutambua damu ya binadamu peke yake, hivyo huhitaji kuacha kula nyama kabla ya kupimwa. Hata hivyo, yule ambaye tayari ameona damu kwa macho yake asiridhike na kipimo hiki pekee, hata majibu yakiwa mazuri.

Kipimo cha tatu, ambacho ndicho hasa hukata shauri, ni kolonoskopi. Daktari hupitisha mpira mwembamba wenye taa na kamera kupitia njia ya haja hadi mwanzo wa utumbo mpana. Kifaa hiki kilianza kuenea baada ya kazi ya William Wolff na Hiromi Shinya mjini New York mwaka 1969. Uzuri wake ni kwamba daktari akiona kinyama hukikata papo hapo, na akiona uvimbe hutoa kipande kidogo cha kupeleka maabara. Siku moja kabla ya kipimo mgonjwa hunywa dawa ya kusafisha tumbo, na wengi husema hiyo ndiyo sehemu mbaya kuliko kipimo chenyewe. Kwa kawaida hupewa pia dawa ya kumtuliza, kwa hiyo lazima awe na mtu wa kumpeleka nyumbani. Madhara kama kutoboka kwa utumbo hutokea, ila ni kwa nadra.

Kile kipande kilichotolewa hutazamwa kwa hadubini na mwanapatholojia. Hapo ndipo neno saratani linapoweza kutamkwa kwa uhakika.

Jihadhari na jambo moja. Baadhi ya maabara huuza kipimo cha damu kiitwacho CEA kama njia ya kujua iwapo una saratani ya utumbo. Kemikali hiyo iligunduliwa mwaka 1965 na Phil Gold na Samuel Freedman mjini Montreal, Kanada, na husaidia sana kumfuatilia mtu ambaye tayari amepatikana na ugonjwa. Lakini mtu mwenye saratani changa anaweza kuwa na CEA ya kawaida, na mvutaji sigara asiye na saratani anaweza kuwa na CEA ya juu. Usitoe pesa zako kununua hofu, wala usinunue matumaini ya uongo.

Hatua nne

Sasa tuje kwenye hatua. Mtu wa kwanza kuzipanga hatua za ugonjwa huu kwa njia iliyokubalika kote alikuwa Cuthbert Dukes, mwanapatholojia wa hospitali ya St Mark's mjini London. Mwaka 1932 alizigawa saratani za mwisho wa utumbo katika makundi A, B na C, kulingana na jinsi zilivyopenya. Baadaye, kati ya mwaka 1943 na 1952, Mfaransa Pierre Denoix alibuni utaratibu wa TNM ambao, baada ya kurekebishwa mara kadhaa, ndio unaotumika duniani leo. Herufi T hueleza uvimbe umepenya kiasi gani, N hueleza kama umefika kwenye tezi za limfu zilizo jirani, na M hueleza kama umesambaa hadi viungo vya mbali.

Chukua mfano wa unyevu katika ukuta wa nyumba ya mawe. Huanzia kwenye rangi ya ndani, ukaingia kwenye lipu, ukafika kwenye mawe, na mwishowe ukatokeza upande wa nje. Ndivyo saratani inavyopenya ukuta wa utumbo.

*Hatua ya kwanza:* Saratani ingali ndani ya ukuta wa utumbo na haijapita misuli yake. Tezi ni safi.

*Hatua ya pili:* Imepenya misuli na kutokeza nje, pengine hata kushika kiungo cha jirani, lakini tezi bado ni safi.

*Hatua ya tatu:* Imeingia katika tezi za limfu zilizo karibu na utumbo.

*Hatua ya nne:* Imefika mbali, mara nyingi kwenye ini, mapafu au utando wa tumbo.

Utaona kwamba sikutaja ukubwa wa uvimbe. Katika saratani hii ukubwa pekee hautoi hatua. Uvimbe mkubwa unaweza kuwa haujapenya sana, na mdogo ukawa umekwisha kufika kwenye tezi.

Hatua hukadiriwa kwanza kwa picha za CT za kifua na tumbo. Ikiwa ugonjwa uko sehemu ya mwisho ya utumbo, picha ya MRI ya nyonga huhitajika pia. Picha hiyo humwonyesha daktari wa upasuaji iwapo uvimbe umekaribia mpaka anaopaswa kukata. Ukiwa umekaribia, mgonjwa huanzishiwa miale na dawa ili uvimbe unywee kabla ya upasuaji. Kumpasua mgonjwa wa aina hiyo bila ya MRI ni sawa na kuendesha gari usiku taa zikiwa zimezimwa.

Hatua kamili hujulikana baada ya upasuaji, mwanapatholojia anapokichunguza kipande cha utumbo kilichokatwa pamoja na tezi zake. Inatakiwa achunguze angalau tezi 12. Akitazama tezi tatu au nne tu na kusema ni safi, huenda ile yenye ugonjwa haikutazamwa, na mgonjwa wa hatua ya tatu akaambiwa kwamba yuko katika hatua ya pili.

Kwa nini hatua ni muhimu

Kosa hilo si dogo. Mgonjwa wa hatua ya kwanza kwa kawaida huhitaji upasuaji peke yake. Wengi wa hatua ya pili pia hutosheka na upasuaji. Mgonjwa wa hatua ya tatu, hata akionekana amepona kabisa baada ya upasuaji, huhitaji dawa za saratani ili kuua mbegu za ugonjwa zilizobaki. Jambo hili lilithibitishwa na utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1990, ambapo vifo vya wagonjwa wa hatua ya tatu waliopewa dawa vilipungua kwa thuluthi moja hivi. Mwaka 2018 matokeo ya wagonjwa zaidi ya 12,000 kutoka nchi mbalimbali yalionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wa hatua hii, hasa wale ambao ugonjwa wao haukuwa umepenya sana, wanaweza kutumia dawa kwa miezi mitatu badala ya sita. Hiyo ni nafuu kwa mwili na kwa mfuko, na dawa hizo huweza kuacha ganzi ya mikono na miguu.

Takwimu za Marekani zinaonyesha tofauti kati ya kuwahi na kuchelewa. Saratani ikigunduliwa ingali katika utumbo, wagonjwa takriban 90 kati ya 100 huwa hai miaka mitano baadaye. Ikiwa imefika kwenye tezi au viungo vya jirani, ni zaidi ya 70. Ikiwa imefika mbali, ni chini ya 20. Nchini Kenya, kwa bahati mbaya, wagonjwa wengi hufika hospitalini wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne.

Lakini hata hatua ya nne si hukumu ya kifo cha kesho. Wapo wagonjwa ambao ugonjwa umefika sehemu ndogo ya ini, ikakatwa, na wakaishi miaka mingi. Ndiyo sababu hata wao wanapaswa kupimwa kikamilifu badala ya kurudishwa nyumbani.

Utafiti unaendelea. Huko Australia, wagonjwa 455 wa hatua ya pili walihusishwa katika utafiti uliotangazwa mwaka 2022. Kundi moja lilipimwa damu baada ya upasuaji ili kutafuta vipande vya chembe za urithi za saratani, na waliopatikana navyo ndio waliopewa dawa. Katika kundi hilo waliotumia dawa walikuwa 15 kati ya 100, ilhali katika kundi lililofuata utaratibu wa kawaida walikuwa 28. Baada ya miaka miwili, idadi ya waliokuwa hai bila ya ugonjwa kurudi ilikuwa takriban sawa katika makundi yote mawili. Kipimo hiki bado ni ghali, na usidanganywe kwamba kinaweza kuchukua nafasi ya mwanapatholojia na hadubini yake.

Usingoje uchungu

Mwone daktari ukiona mojawapo ya dalili hizi: damu katika choo, iwe nyekundu au nyeusi kama lami, mabadiliko ya choo yanayodumu zaidi ya majuma matatu, kama vile kuharisha, kufunga choo au haya mawili kupokezana, choo kuwa chembamba kuliko kawaida, kuhisi kwamba hujamaliza haja hata baada ya kumaliza, kupungua uzani bila sababu, uvimbe au uchungu wa tumbo usiokwisha.

Kuna dalili moja ambayo hudharauliwa. Mwanamume, au mwanamke aliyekoma hedhi, akipatikana na upungufu wa damu wa kukosa madini ya chuma, asipewe tembe za kuongeza damu na kuachwa hivyo. Uvimbe ulio upande wa kulia wa utumbo huvuja damu polepole kwa miezi mingi bila ya mgonjwa kuona chochote chooni.

Ikiwa huna dalili yoyote, wataalamu wa Marekani tangu mwaka 2021 hupendekeza watu waanze kupimwa wakiwa na miaka 45. Ikiwa mzazi, ndugu au mtoto wako aliwahi kupata ugonjwa huu, anza ukiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri aliokuwa nao alipogunduliwa, utakaotangulia kati ya hiyo miwili.

Na ikiwa wewe au jamaa yako tayari amepatikana na saratani hii, nendeni kwa daktari mkiwa na maswali haya yameandikwa kwenye karatasi:

1. Ugonjwa uko katika hatua gani, na imejulikana kwa vipimo vipi?

2. Je, uko sehemu ya mwisho ya utumbo? Kama ndiyo, picha ya MRI imepigwa?

3. Baada ya upasuaji, ni tezi ngapi zilizochunguzwa, na ngapi zilikuwa na ugonjwa?

4. Je, ninahitaji dawa au miale, na kwa muda gani?

5. Nitafuatiliwa vipi miaka ijayo?

Ombeni nakala ya ripoti ya mwanapatholojia na mwiweke nyumbani pamoja na vyeti vingine muhimu. Mkihamia hospitali nyingine, ripoti hiyo itamwelekeza daktari mpya kuliko maelezo yoyote ya mdomo.

Gharama najua ni mzigo. Kolonoskopi si rahisi kwa mtu wa mshahara wa kawaida, na foleni katika hospitali za umma ni ndefu. Lakini kupimwa kwa kidole hakuhitaji mashine, kipimo cha choo ni cha bei nafuu, na kinyama kilichokatwa mapema hugharimu sehemu ndogo tu ya gharama ya kutibu ugonjwa uliofika kwenye ini.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kama umekuwa ukiona damu na kunyamaza, zungumza na daktari juma hili, tena liwe neno la kwanza utakalomwambia ukiketi.